Somo la Ishirini na Tatu: Kuwafariji Wazazi Waliofiwa na Mtoto

Wakristu wapenzi, ninyi mnaotusikiliza mmekusanyika penye redio ya katekista, na ninyi mnaokisoma kitabu hiki jioni karibu na taa, katika somo lililopita tulifundisha namna ya kuwatazama wagonjwa. Leo twaendelea mbele kidogo, twafika mahali ambapo miguu ya wengi huogopa kufika. Twataka kusema juu ya nyumba ambamo mtoto amekufa, na hasa nyumba ambamo mtoto amekufa kwa ugonjwa wa kansa.

Kwa nini kansa? Watoto wetu wanakufa kwa malaria, kwa surua, kwa kuhara, na majina hayo, kwa huzuni yetu, tumeyazoea. Malaria ikimchukua mtoto kwa siku tatu, watu hulia pamoja na wazazi wake wala hawaulizi mengi. Lakini kansa ni ugonjwa wa majuma na miezi. Huharibu uso wa mtoto mbele ya macho ya kijiji kizima. Humaliza mbuzi na akiba ya mihogo. Tena wengi husadiki ya kuwa ni ugonjwa wa wazee tu, au wa watu wa mbali. Basi ukionekana kwa mtoto mdogo, kila mtu huanza kutafuta wa kulaumiwa, na anayepatikana upesi ni yule ambaye hana nguvu ya kujitetea.

Twawasimulia jambo tuliloliona. Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, mahali ambapo tulitumwa kufundisha wakatekumeni, palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Jina lake hatulitaji hapa, kwa maana wazazi wake yamkini wanatusikiliza sasa hivi. Alikuwa mtoto wa kuimba. Siku ya Dominika alisimama mbele kabisa, karibu na ngoma, na sauti yake ilitangulia ya wakubwa. Siku moja taya lake la kushoto lilivimba. Meno yakalegea. Mama yake alidhani ni jino. Mwuguzi wa dispensari naye alidhani ni jino, akaling'oa. Baada ya juma moja uvimbe ulikuwa kama limau, na baada ya majuma mawili ulikuwa kama chungwa, hata jicho likaanza kusukumwa nje.

Ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema ni bibi yake, mama ya baba, aliyemtemea mate alipokuwa akimlea. Wengine walisema mama wa mtoto alikula mwiko alipokuwa na mimba. Akapelekwa kwa mganga wa kienyeji ng'ambo ya mto, akachanjwa chale shavuni. Mbuzi wawili wakaenda. Mwishoni baba akauza baiskeli yake, wakapanda mashua, wakafika hospitali kubwa ya mjini. Walikaa huko miezi miwili. Walirudi wakiwa na sanduku.

Ugonjwa ule una jina. Madaktari huuita limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mtu wa Irlandi, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, nchi ya Uganda. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakulisahau jambo lile. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo ili madaktari wengine wazisome. Na mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri muda wa majuma 10, njia ya kilomita zapata 16,000, toka Uganda kushuka mpaka kusini mwa Afrika. Walikuwa wakiingia hospitali hata hospitali, nyingi zao hospitali za misioni, wakitoa picha na kuuliza: Je, mmewaona watoto wenye uvimbe kama huu?

Waliporudi waliona jambo la ajabu katika ramani. Ugonjwa ule ulipatikana mahali penye joto na mvua nyingi, mabondeni na kando ya maziwa. Juu milimani penye baridi haukuonekana, au ulikuwa haba sana. Ndipo ilipotambulika ya kuwa unafuatana na malaria. Mwaka 1964 wataalamu watatu huko Uingereza, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kijidudu kidogo mno, kirusi, ndani ya uvimbe huo. Kirusi hicho kimo katika damu ya watu wengi kabisa duniani, wala hakiwadhuru. Lakini mtoto akipigwa na malaria mara nyingi, mwili wake hushindwa kukizuia, na pengine, kwa wachache tu, kansa huota. Haiambukizi. Aliyemlisha mtoto yule, aliyemwosha, aliyelala naye kitanda kimoja, hawezi kuipata kwa sababu hiyo, wala hakumpa yeye.

Mzee mmoja katika mafundisho yetu, baada ya kuyasikia hayo, alicheka kidogo akauliza: "Basi, mlozi huogopa baridi ya milimani?" Watu wakacheka naye. Twapenda swali lile kuliko maelezo yetu marefu, nasi twawaachia mlichukue nyumbani.

Ziko kansa nyingine za watoto, za damu, za jicho, za figo. Shirika la Afya Duniani latuambia ya kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hushikwa na kansa. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika 100 hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30 katika 100. Tofauti hiyo haikutoka kwa mizimu. Yatokana na umbali wa hospitali, dawa zisizopatikana, fedha zilizokwisha njiani, na ugonjwa kutotambuliwa mapema. Limfoma ya Burkitt yenyewe hukua upesi kuliko karibu kansa zote, hata uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Walakini dawa zake zipo, na watoto wengi waliofika mapema wamepona.

Hapa katekista ajihadhari. Maneno haya tunayafundisha kwa watu wote ili mtoto mwingine mwenye taya lililovimba, au mwenye mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama ya paka usiku, apelekwe hospitali bila kukawia. Lakini hatuyafundishi penye matanga. Mama aliyeketi chini kwenye mkeka asiambiwe, "Mngalikwenda mapema angalipona." Anayajua. Usiku kucha anajiambia yeye mwenyewe. Anayahesabu majuma yale, juma la jino, juma la chale, juma la kutafuta nauli, kama mtu anavyohesabu rozari, ila rozari hiyo haina Amina. Akikuuliza mwenyewe, mwambie kweli: ya kuwa hata watu wenye elimu ya udaktari huudhania ugonjwa ule kuwa ni jino, ya kuwa yeye alifanya kila alichojua siku ile alipokuwa hajui zaidi. Hiyo si maneno ya kumtuliza tu. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuulize na tujibu.

Swali: Je, mtoto hufa kwa kansa kwa sababu ya dhambi ya wazazi wake?

Jibu: Hapana. Wafuasi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana Yesu nani alikosa, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Habari hiyo imo katika Injili ya Yoane, sura ya tisa.

Swali: Je, Mkristu anayelia sana amepungukiwa na imani?

Jibu: Hapana. Bwana wetu alijua ya kuwa atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia mbele ya watu. Naye Bikira Mariya alisimama chini ya msalaba wa Mwanawe.

Swali: Je, ni lazima mfariji awe na neno la kusema?

Jibu: Si lazima.

Jibu hili la tatu ni fupi, nasi tulilijifunza kwa aibu. Tulipofika penye kilio cha mtoto yule, watu walitupisha njia wakisema, "Katekista amekuja, atatufariji." Tukaona ni lazima tuseme kitu. Tulisimama mbele ya mama yake tukasema kwa sauti ya mahubiri ya kuwa Mungu ni mwenye bustani, naye hupenda kuchuma maua mazuri. Tuliona ni neno zuri. Tulikuwa tumelisikia kwa wengine. Mama yule hakujibu. Aligeuza uso wake ukutani. Jioni alimwambia dada yake, naye akatuambia sisi: "Kama Mungu huiba watoto wa watu kwa kuwa ni wazuri, afadhali ningalimzaa mbaya."

Wapenzi, neno lile lilitukata. Tulikuwa tumemfundisha mama yule katekisimu miaka mitatu, tumemfundisha ya kuwa Mungu ni Baba, na katika dakika moja tulimfanya Mungu kuwa mwizi. Kesho yake tulirudi. Hatukusimama. Tuliketi chini kandokando ya mlango, tukanyamaza mpaka jua lilipoelekea ziwani. Wakati wa kuondoka tulimwambia, "Mama, jana tulisema vibaya. Utusamehe." Akaitikia kwa kichwa. Siku ya tatu alituonyesha shati la mtoto.

Mnajua habari za Yobu. Alipofiwa na watoto wake wote, rafiki zake watatu walikuja toka mbali, wakaketi pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa ili kumweleza Yobu kwa nini amepigwa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wala hamkasirikii Yobu aliyelalamika. Twawaomba makatekista wenzetu wakisome tena kitabu kile, hasa mwanzo na mwisho. Katikati ni pagumu, tusiwafiche.

Yapo maneno mengine yanayosemwa penye matanga yetu, nayo huumiza, ijapokuwa msemaji ana moyo mwema. "Utazaa mwingine." Mtoto si sufuria iliyovunjika hata anunuliwe mwingine. "Afadhali alikuwa mdogo." Kwa nani ni afadhali? "Nyamaza, machozi yako yatamzuia marehemu asipumzike." Hiyo si mafundisho ya Kanisa. Na baba huambiwa, "Wewe ni mwanamume, usilie." Hili la mwisho hatuwezi kulipita upesi, kwa sababu tumeona matunda yake. Baba asiyeruhusiwa kulia mchana huenda kunywa usiku. Baba yule wa kando ya ziwa ndiye aliyemshika mtoto mikono alipochomwa sindano. Ndiye aliyetafuta mbao za sanduku mjini. Lakini penye kilio watu wote walipita kwake wakimwuliza mambo ya viti, ya maji, ya nani amelipa nini, wakaenda kumpa pole mkewe. Mzee wa Legio ya Mariya peke yake ndiye aliyemvuta kando, akamwambia, "Twende tukatazame nyavu." Nyavu hazikuwa na haja ya kutazamwa. Wakakaa ufukoni, na huko baba alilia kama mtoto mdogo, na mzee hakusema kitu kwa mtu. Sisi tuliambiwa na baba mwenyewe, mwaka uliofuata.

Lakini jambo zito lilikuwa bado. Siku ya nne baada ya maziko ukoo ulikutana. Wajomba na baba wakubwa walikaa chini ya mwembe, na mkubwa wao akasema ya kuwa mtoto hawezi kufa hivi hivi, na uso wake ulioharibika ni ushahidi. Wakamtaja bibi. Mama mzee yule alikuwa amekwisha kuondoka nyumbani mwake usiku kwa kuogopa, akalala jikoni kwa jirani. Fikirini jambo hili. Yeye ndiye aliyemlea mtoto alipokuwa mama yake shambani. Yeye ndiye aliyemfundisha nyimbo zile. Naye hakuweza hata kuketi mkekani pamoja na wanawake kumlilia mjukuu wake. Na mama wa mtoto alifiwa mara mbili, kwa maana mkwe wake alikuwa mkono wake wa kuume, na sasa waliambiwa wasitazamane.

Amri ya nane ya Mungu yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Wakristu wengi hudhani amri hiyo ni ya baraza na mahakimu tu. Twasema waziwazi: anayemwita mtu mlozi kwa sababu ya mtoto aliyekufa kwa ugonjwa, ameivunja, na pengine ameifungulia mlango amri ya tano, kwa kuwa tunajua jinsi mashtaka ya ulozi yanavyoishia. Na Mkristu anayekaa kimya barazani akiogopa wakubwa, naye aitazame dhamiri yake.

Tulikwenda chini ya mwembe tukiwa na hofu. Hatukuwa wa ukoo ule, na waliweza kutufukuza. Tuliomba ruhusa ya kusema, tukapewa, tukaeleza habari za ugonjwa kama tulivyozieleza leo, ingawa kwa ufupi. Wengine walisikia, wengine walitema mate. Lakini aliyelimaliza shauri si sisi. Baba wa mtoto alisimama. Alikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, ameikunja mara nyingi hata imeanza kupasuka. Alisema, "Daktari alinionyesha watoto wengine wanne wenye uvimbe kama wa mwanangu. Walitoka vijiji vinne. Je, mama yangu aliwafikia wote kwa miguu yake?" Kisha akaenda mpaka jiko la jirani, akamshika mama yake mkono, akampitisha katikati ya baraza, akamketisha mkekani karibu na mkewe. Wanawake wakaanza kulia upya, na bibi akalia nao.

Baba mkubwa aliondoka kwa hasira. Mpaka leo hajawasalimu. Twasema hivyo ili mtu asidhani ya kuwa kweli ikisemwa mara moja watu wote hupatana.

Sasa tuseme juu ya maziko. Wengine katika vijiji vyetu bado hudhani mtoto hazikwi kwa heshima ya Kanisa kama mkubwa, huzikwa upesi, na mama yake hukatazwa kufika kaburini. Sivyo. Mtoto mbatizwa ni Mkristu kamili. Kama amekufa kabla ya umri wa kujua mema na mabaya, ambao Kanisa huuhesabu kwa kawaida kuwa miaka saba, hana dhambi yake mwenyewe, wala hatuogopi kwa ajili yake. Ndiyo maana padri aweza kuvaa nguo nyeupe. Na sala za maziko yake hutuombea sisi tuliobaki, kwanza wazazi wake, maana ndio wenye haja. Penye kaburi mama aende akitaka. Asiyetaka asilazimishwe.

Na mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa? Swali hili tumeletewa mara nyingi, na mara nyingi na mama anayeuliza kwa sauti ya chini, baada ya wote kuondoka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kuwa tunamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, na tuna haki ya kutumaini ya kuwa iko njia ya wokovu kwa ajili yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamruhusu Askofu kukubali mtoto huyo azikwe kwa ibada ya Kanisa, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Katekista asijibu kwa kichwa chake mwenyewe, wala asitikise kichwa kwa mashaka mbele ya mama. Aende kwa padri amwombe ruhusa ile, na afanye hivyo siku ileile.

Watu hudhani kazi ya kufariji huisha matanga yakiisha. Kwa kweli hapo ndipo huanza. Siku za kilio nyumba imejaa, sufuria zinachemka, watu wanaimba usiku. Halafu mikeka hukunjwa. Asubuhi yake mama huamka, huweka sahani kama ilivyo desturi, na huona ameweka moja zaidi. Ni nani aliye hapo asubuhi ile?

Wazazi wa mtoto aliyeugua miezi hawakulima. Shamba lao limejaa magugu, mihogo imeliwa na nguruwe wa porini, deni la hospitali lingalipo, na tena watu waliokula penye matanga walikula akiba ya mwisho. Kwa sababu hiyo jumuiya yetu iliweka utaratibu. Wanaokuja penye kilio huja na chakula chao, unga, sombe, ndagala waliokaushwa, wala hawasubiri kupikiwa. Siku za Jumanne watu wanne, kwa zamu, huenda na majembe katika shamba la waliofiwa, mpaka mavuno yatakapotoka. Wasichana huchota maji. Fedha kidogo za sadaka ya mwisho wa mwezi huenda kwenye deni. Mambo haya si makubwa. Mama yule alituambia kwamba mahubiri ya maziko hakuyasikia hata neno moja, ila alikumbuka nani alimletea kuni.

Jambo lingine ni jina. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Mtoto akifa, watu huogopa, huanza kumwita kwa jina lingine, au humwita "wewe mama" tu. Wanadhani wanamwepusha na uchungu. Tulimwuliza mama yule ataka aitweje. Alitutazama kwa mshangao, akasema: "Mimi ni mama yake. Nani amenivua?" Toka siku ile twamwita kwa jina lilelile la zamani. Mwanzoni machozi humjia, halafu hutabasamu. Lakini msifanye desturi hii kwa nguvu. Muulizeni kila mama, kwa kuwa mwingine ataomba jina lile lipumzike kwanza.

Wako pia ndugu za marehemu, watoto wadogo ambao hakuna anayewaambia kitu. Huambiwa, "Amelala," kisha huogopa kulala. Huambiwa, "Amesafiri," kisha hukaa ufukoni wakingoja mashua. Dada wa mtoto yule, mwenye miaka minane, aliuliza kama taya lake nalo litavimba, na kama yeye ndiye aliyemwumiza nduguye walipogombana juu ya muwa. Mwambieni mtoto kweli kwa maneno machache: nduguyo aliugua ugonjwa mkubwa, amekufa, hakuna aliyemuua, wewe hukumdhuru, na tunaamini yu kwa Mungu. Kisha mmruhusu acheze. Mtoto anayecheza penye huzuni hana moyo mgumu.

Na kwa wanandoa wenyewe, neno moja. Baada ya kifo cha mtoto mume na mke hawalii kwa namna moja wala kwa wakati mmoja. Mmoja ataka kusema, mwingine ataka kunyamaza, na kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa hana upendo. Hapo ndipo ndugu za mume huja wakimshauri atwae mke mwingine mwenye "damu safi". Washauri hao wafungiwe mlango. Sakramenti ya Ndoa haikufungwa kwa sharti la watoto kuishi. Wasimamizi wa ndoa yao, ambao walikula nao karamu, sasa ndio wakati wao wa kwenda jioni, kuketi, kula nao ugali, na kuondoka mapema.

Sala tuliyoifanya katika nyumba ile ilikuwa fupi: fumbo moja tu la rozari, kila jioni, muda wa siku tisa. Mama hakuitikia siku tano za kwanza. Hatukumwuliza. Siku ya sita tulisikia sauti yake, ndogo sana, katika sehemu ya pili ya Salamu Mariya, pale tunapomsihi atuombee saa ya kufa kwetu. Siku ya saba alinyamaza tena. Twawaambia hayo kwa sababu makatekista vijana hutaka kuona imani ikirudi kama taa inavyowashwa. Miaka imepita sasa. Mama yule huja Misani, na wimbo mmoja ukianzishwa, ule ambao mtoto aliuimba karibu na ngoma, yeye hutoka nje, husimama chini ya mti, na wimbo ukiisha huingia. Mkwe wake hutoka pamoja naye.

Kabla hatujafunga kitabu, iko kazi. Tarehe 2 Novemba Kanisa huwakumbuka marehemu wote. Kila katekista aandike katika daftari majina ya watoto waliokufa kijijini mwake mwaka huu, waliobatizwa na wasiobatizwa, akiwauliza wazazi wao kama wanapenda jina lisomwe. Majina yaandikwe kwa herufi kubwa, padri ayaone vizuri, na daftari lifike misioni kabla ya tarehe 25 Oktoba. Aliye na mtoto aliyekufa miaka ya nyuma ambaye hakusomwa kamwe, naye alete jina lake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya Mpako wa Wagonjwa, na kwa nini haifai kungoja mpaka mtu akate roho ndipo padri aitwe.

Tumsifu Yesu Kristu.